Hapa Panaguswa

Sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga, kulikuwa na kabati la vioo. Ndani yake mlipangwa vikombe vya chai vyenye ukingo wa dhahabu, bakuli la supu lenye mfuniko wake, na birika ambalo mpaka leo sijui kama linamimina au limeziba. Tulikuwa watoto watano na hakuna aliyewahi kulifungua kabati lile. Mama hakuwa mtu wa fimbo. Silaha yake ilikuwa neno moja, na alilirusha kutoka jikoni bila hata kukuona: "Usiguse!" Alijuaje kwamba mkono umeshanyooka, Mungu ndiye ajuaye.

Vikombe sikurithi. Neno nimerithi.

Mwaka jana Mama alikuja Oakland kukaa nasi miezi mitatu. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 6 na wa kike ana miaka 3. Jumamosi moja mama yao akiwa zamu kazini, nikaamua kuwachukua wote, bibi na wajukuu wake, niwapeleke Exploratorium, makumbusho ya sayansi yaliyoko ng'ambo ya ghuba, San Francisco, gati namba 15. Tiketi zetu zilipita dola 100, na huyo mdogo aliingia bure. Naitaja pesa kwa sababu pesa ndiyo iliyoniharibia asubuhi. Mtu aliyekuzwa kwa sinia moja la wali watu saba, akishatoa dola 100 mlangoni, anataka kuona kila kitu hadi misumari ya ukutani. Na mle ndani kuna vitu vya kuchezea zaidi ya 600. Kwenye treni nilikuwa napiga hesabu: tukikaa masaa manne, tusipozubaa sana, tutagusa vingapi?

Treni yenyewe hupita ndani ya bomba lililolazwa chini ya ghuba, karibu kilomita 6, na katikati hapo hulia kama inachinjwa. "Sasa tuko chini ya bahari," nilimwambia Mama, nikidhani namfurahisha. Hakujibu. Midomo ilikuwa inachezacheza, nikajua yuko katikati ya Ayatul Kursiyyu. Tulipopanda ngazi na kuliona jua upande wa pili ndipo akauliza, "Na kurudi ni njia hiyo hiyo?"

Jengo ni ghala la gatini, refu kushinda uwanja wa mpira. Ukiingia unakutana na kelele kwanza: watoto, mipira inayogonga mbao, maji, mlio wa chuma, mtu anapiga ukelele ndani ya bomba ili asikilize mwangwi wake. Hakuna mshale wa kukuambia anzia hapa umalizie pale. Mimi niliutafuta mshale. Nilisoma shule ambayo siku ya kwenda makumbusho tulipangwa mistari miwili, mikono nyuma, na mwalimu akitembea pembeni na rula. Makumbusho bila mshale yalinichanganya.

Wa kiume alishachomoka. Alikuwa amesimama mbele ya sanduku la kioo lenye mchanga mwembamba na feni ndani yake. Ukikizungusha kishikio cha nje, upepo unageuka, na vile vilima vya mchanga vinahama taratibu, kimoja kinamla mwenzake. Mkono wake ulikuwa njiani kwenda kwenye kishikio.

"Usiguse!"

Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kutoka jikoni kabisa. Watu wawili watatu waligeuka, na nina hakika hawakujua Kiswahili. Sauti ya aina ile haihitaji mkalimani. Mtoto akanitazama kama anayemhurumia mtu mzima.

"Baba, hapa panaguswa."

Ungedhani nilijifunza hapo hapo. Haikuwa hivyo. Mdogo alipotaka kuuchovya mkono kwenye maji, usiguse. Kaka yake alipotaka kubonyeza kitufe chekundu, subiri kwanza tusome, usiguse. Nikasikia sauti nyuma yangu ikisema polepole, "Ya tano hiyo." Mama alikuwa anahesabu.

"Si wewe uliyenifundisha?" nikamwambia.

"Mimi nilikuwa na vikombe," akajibu. "Wewe hapa una nini cha kuvunjika?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua maji tu.

Na suala la maji linanikumbusha kile choo. Wameweka bomba la maji ya kunywa, lakini bakuli lake ni choo cha kukalia, cheupe, kipya, ambacho hakijawahi kutumiwa na mtu. Maji ni yale yale ya bomba. Ni safi, wameandika, na akili yako inakubali. Kinachobaki ni kuinama unywe. Mwanangu aliinama akanywa, akafuta mdomo, akanywa tena kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia. Mimi nilinywa tone moja kwa ajili ya heshima ya ukoo. Mama alisema "Astaghfirullah" na kurudi nyuma hatua mbili.

"Bibi, ni safi!"

"Najua ni safi, mume wangu. Moyo ndio hautaki."

Kibao cha pale kilikuwa na maelezo ya aya nzima kuhusu mvutano kati ya tunachokijua na tunachokihisi. Nilikisoma chote, nikakitafsiri, na nilipomaliza nikaona bibi na mjukuu wameshaondoka. Walikuwa wamemaliza somo kabla yangu.

Sasa niseme kuhusu kivuli, maana huyu mdogo kwake siku nzima ilikuwa kivuli. Kuna chumba cha giza chenye ukuta uliofunikwa kitu kinachong'aa kijani baada ya kupigwa na mwanga. Unasimama mbele ya ukuta, taa kali inalipuka mara moja, unaondoka, na kivuli chako kinabaki pale ukutani bila wewe. Sababu ni rahisi: ukuta unaunywa mwanga na kuutoa kidogo kidogo, na pale mwili wako ulipozuia, haukupata cha kunywa. Hayo nilimweleza. Hayakumhusu. Yeye alirudi ukutani, akakishika kivuli chake mkono, akakivuta.

"Twende," akakiambia.

Ukuta unapofifia, kivuli nacho kinakwenda. Mara ya kwanza alikaa kimya. Mara ya pili alilia kilio kile cha miguu kulegea, cha kukaa sakafuni. "Kivuli changu kimekufa!" Mimi nikaanza kumwambia hakijafa, ni mwanga umeisha, nikaanza na neno fosforasi, Mwenyezi Mungu anisamehe. Mama akaja akakaa sakafuni pembeni yake, mtu wa miaka 68 mwenye magoti yanayolalamika, akamuuliza, "Kikifa, si tunakizaa kingine?" Taa ikalipuka. Kikazaliwa kingine, safari hii viwili, kikubwa na kidogo, na kidogo kina nywele mbili zilizosimama kama pembe. Walizaa vivuli karibu nusu saa. Nilisimama mlangoni nikitazama saa. Vitu 600, na sisi tuko kwenye cha nne.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lingine. Nikasema acha hawa wamalize, mimi na wa kiume tusogee mbele. Tukasogea. Nikakuta maandishi kuhusu mtu aliyepaanzisha mahali hapa, nikaanza kusoma, na kwa kweli habari yake ilinishika. Anaitwa Frank Oppenheimer, mdogo wake yule Robert aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Frank mwenyewe alikuwa mwanafizikia na alifanya kazi kwenye mradi huo huo. Lakini ujanani aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, na mwaka 1949 jambo hilo likamgharimu kazi yake ya chuo kikuu. Vyuo vingine vyote vikafunga milango. Akahamia Colorado, akanunua shamba, akafuga ng'ombe karibu miaka 10. Baadaye ndipo aliporuhusiwa kufundisha tena, sekondari ya mji mdogo uitwao Pagosa Springs, na huko alikuwa anawachukua wanafunzi mpaka jalalani, wanaokota vyuma na mashine mbovu, wanazirudisha darasani kujifunzia fizikia. Makumbusho yake yalifunguliwa 1969 kwenye jengo jingine la mji huu huu, yakahamia hapa gatini 2013.

Profesa, mfugaji, mwokota vyuma. Nilikuwa najiambia kwamba mtu huyu angeelewana na mafundi vyuma wa Gerezani, Dar es Salaam, nikageuka nimweleze mwanangu. Hayupo.

Aliyewahi kupoteza mtoto kwenye umati sina haja ya kumweleza. Masikio yanajaa pamba. Kila fulana ya bluu ni yake na si yake. Nilipita kwenye mipira, nikapita kwenye vioo, nikajiona kwenye kioo kimoja nimepinduka kichwa chini nakimbia. Sidhani ilifika dakika nne. Nilimkuta amesimama juu ya kigoda, kidevu mezani, mbele ya msichana wa kizibao cha rangi ya chungwa. Hao wa vizibao ndio wafafanuzi, wengi ni vijana wa sekondari, na wanalipwa kwa kazi hiyo. Msichana alikuwa na glovu, mkasi na kisu kidogo. Mbele yake, kwenye sinia, kulikuwa na jicho la ng'ombe.

Nilifungua mdomo nimgombeze. Akaniwahi: "Baba, shh. Anakata."

Nikampigia Mama simu aje.

Jicho la ng'ombe likiwa peke yake ni kitu kikubwa, kama ndimu iliyonona, limezungukwa na mafuta na nyama. Msichana aliyakata mafuta kwanza. Akatoboa pale mbele, kwenye utando mgumu ulio wazi kama kioo cha saa, na maji yakachuruzika. Utando ulipokatwa na mkasi ulitoa mlio, krrr, kama gegedu. Chini yake akatoa kitu cheusi mfano wa pete, akakiinua, akaangalia watoto kupitia katikati yake. Hiyo pete ndiyo inayotanuka na kusinyaa, na lile tundu la katikati ndilo mboni. Nilishangaa jinsi nilivyoshangaa. Mboni ya jicho langu, tunawaambia wapenzi wetu, tunaimba kwenye taarabu, na kumbe mboni si kitu. Ni tundu.

Kisha lenzi. Ilitoka na ute mzito kama wa yai bichi, akaisafisha, ikabaki gololi yenye rangi ya asali hafifu. Akaiweka juu ya kipande cha gazeti, na herufi za chini yake zikavimba. Watoto wakaanza kugombania kuona. Msichana akauliza nani anataka kuishika.

Mwanangu hakunyoosha mkono. Aligeuka akanitazama mimi. Nikilikumbuka tendo lile huwa nakosa raha: mahali pote pale, mtoto aliyekunywa maji ya chooni bila kuuliza mtu, sasa ananisubiri mimi. Nilikuwa bado natafuta neno kinyume cha lile langu, kidole cha Mama kikapita begani kwangu kikaigusa lenzi.

"Ngumu," akasema. "Nilidhani itabonyea."

Basi mtoto naye akaishika, akaizungusha, akanusa vidole. Akataka na mimi nishike. Ni ngumu kweli.

Mama amepika vichwa vya ng'ombe tangu aolewe. Supu ya kichwa cha Idi ya kuchinja, mtaa mzima ulikuja kwetu. Macho ameyaona mamia, na hajawahi kulipasua hata moja; ilikuwa ni kutoa na kutupa. Sasa alijipenyeza mbele ya watoto wa watu bila haya. Msichana alikuwa amelipindua jicho kama soksi. Alionyesha utando mwembamba wa ndani, ule unaopokea mwanga, ulioshikizwa nyuma kwenye nukta moja tu, na kusema kwamba kwenye nukta hiyo jicho halioni kitu, hata la mtu. Akausogeza utando kwa ncha ya kisu. Chini yake pakang'aa.

Sijui niifananishe na nini rangi ile. Bluu inayogeuka kijani, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi, kama tumbo la nzi wa machinjioni. Kwenye kitu chekundu na cheusi namna ile, ilikuwa kama mtu amesahau kito ndani.

"Muulize," Mama akanishika mkono, "hicho ndicho kinachowaka usiku?"

Nikamuuliza. Msichana akasema ndiyo, hicho hicho. Ni kama kioo nyuma ya jicho. Mwanga unaopita bila kunaswa unarudishwa upite tena, ili mnyama aone vizuri zaidi gizani, na unaobaki unatoka nje kwa mlango ule ule ulioingilia. Ndio maana ukimmulika, jicho linakurudishia.

Nilikuwa natafsiri huku nikimwangalia Mama. Alikaa kwenye kigoda cha mjukuu wake akatusimulia, na simulizi hii mimi mwanawe nilikuwa sijaisikia. Alipokuwa mdogo, shambani kwa babu yake Muheza, jioni moja yeye na kaka yake walitumwa kufunga zizi. Kaka akawasha tochi, na gizani yakatokea macho, mawili mawili, ya kijani. Juu kwenye minazi nako yalikuwepo, mekundu kidogo, yale ya komba wanaoiba tembo la mgema. Kaka akamwambia hayo ni mashetani yanahesabu watu, ukiyatazama nawe unahesabiwa. Tangu siku hiyo hakutoka nje usiku bila kufunika uso kwa khanga.

"Miaka 60," akasema, "nimeogopa kioo."

Wa kiume akauliza, "Na huyo kaka yako alikuwa muongo?"

"Alikuwa mtoto. Hakuwa na mtu wa kumpasulia."

Msichana wa kizibao aliniomba nimtafsirie hadithi yote, nikajitahidi. Khanga ilinishinda kuieleza. Nilimwambia pia kwamba aliyelianzisha jumba lao alikuwa mfugaji wa ng'ombe, nikitaka kuonyesha kwamba na mimi nimesoma. Akasema anajua.

Mambo mengine yalipita haraka. Tulikula chapati na mayai tuliyotoka nayo nyumbani, nje gatini, shakwe wakitunyemelea. Mdogo alichafua nguo zote mbili, aliyovaa na ya akiba. Ningejua ningebeba tatu. Kuna daraja la miguu nje hapo linalotoa ukungu kila baada ya muda, unatembea usimuone aliye mbele yako, na mwanangu alisema ni Lushoto, ingawa Lushoto ameiona kwenye picha za simu ya shangazi yake tu. Mpaka jioni watoto walikuwa wamekwisha. Macho mekundu, kila kitu ni kilio. Nilipiga hesabu ya kujiumiza: tulikuwa tumegusa vitu kumi na moja. Kwa mgawanyo wa tiketi, kila kimoja kilitugharimu kama dola 10.

Tangu wakati huo tumerudi mara mbili. Siku hizi tunakwenda na kitu kimoja mkononi. Mara ya pili ilikuwa vivuli na hapana zaidi, mara ya tatu ilikuwa mapovu ya sabuni. Nachukua kigoda nakaa. Nikiulizwa swali huwa najibu, "Wewe unaonaje?", na si busara hiyo, ni kwamba mara nyingi sijui. Neno la kabatini bado linanitoka. Tulipokwenda kwenye mapovu lilinitoka mara mbili, na mwanangu akalihesabu kwa sauti, kwa lafudhi ya bibi yake: "Ya pili hiyo." Mama amesharudi Tanga. Mjini kwetu nako siku hizi kuna STEM Park, mahali pa watoto kuchezea sayansi kwa mikono, na nimesikia ameshawapeleka watoto wa dada yangu na kuwauliza vijana wa pale kama wanapasua macho.

Lakini usiku ule wa kwanza. Tulishuka kwenye treni Oakland giza likiwa limeingia, Mama akiwa amesoma dua yake tena chini ya bahari, mdogo amelala begani kwangu mzito kama gunia la mchele. Hatua chache kabla ya kufika kwetu kuna gari bovu ambalo halijasogea tangu tuhamie, na chini yake anaishi paka asiye na mwenyewe. Wa kiume aliniomba simu. Akawasha tochi, akalala kifudifudi kwenye lami na koti lake jipya. Mdomo wangu ulijiandaa. Nikaufunga.

"Bibi! Yapo!"

Mama akainama naye, mkono mmoja kwenye goti, mwingine kwenye bodi ya gari. Chini kule kulikuwa na sarafu mbili za kijani, hazipepesi. Mama alizitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Khanga ilikuwa mabegani, na hakuipandisha.

Paka akachoka nao, akaondoka. Mtoto akasimama, akageuza tochi akanimulika mimi usoni, kwa karibu, jicho la kulia, halafu la kushoto. Akarudia.

"Baba hana," akamwambia bibi yake.

"Hana," Mama akakubali. "Mzimie taa, ataanguka na mtoto."